Saa Nne ya Shemeji

"Hapa pana mtu kagusa," alisema Shemeji, na kwa kuwa bisibisi alikuwa ameibana kwa meno, maneno yalitoka yametafunwa.

Lakini Sindano aliyasikia vizuri. Chumbani mlikuwa na watu watatu tu. Dada yake alikuwa ameketi mezani akipunguza nyuzi zilizozidi kwenye nembo, na Shemeji mwenyewe, mume wa Dada, alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa ndani ya kasha la kompyuta. Huyo "mtu" hakuwa na haja ya kutafutwa kwa tochi.

Jina la Sindano alipewa na wanawake wa maduka ya jirani kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu alikuwa akiingia mahali na kutoka bila kusikika. Hata sasa alisimama kando ya mashine ya kudarizi, mikono nyuma, midomo imefungwa. Ndani, damu ilikuwa inamchemka kama maji yaliyosahauliwa jikoni.

"Nasema na ukuta?" Shemeji akauliza.

"Sijagusa," Sindano akasema.

"Hujagusa. Basi imejigusa."

"Baba watoto," Dada akasema bila kuinua macho, "ameshakwambia mara nne."

"Na mimi nimelifungua kasha hili mara nne. Tumelingana."

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kutazama barabara. Mashine ya kudarizi ilikaa katikati kama bibi harusi, vikoni vya nyuzi vimepangwa nyuma yake kwa rangi, na pembeni, juu ya meza iliyowekewa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, ilikaa kompyuta. Kazi yao ilikuwa nembo: za shule, za makampuni ya ulinzi, za vikundi vya akina mama. Mteja akileta picha, mchoraji anaichora upya kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, anaitia kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye mashine, na mashine inashona. Mchoraji alikuwa Sindano.

Hakuna aliyemfundisha. Aliacha shule darasa la tano, akaja kwa dada yake kufagia na kukata nyuzi. Mchoraji wa wakati ule, msichana mmoja mnene mwenye moyo mzuri, alikuwa na tabia ya kusinzia kila akishiba, na kila aliposinzia Sindano aliketi pale akabonyeza hiki na kile. Yule msichana alipoolewa akahama, Dada alihangaika wiki tatu nzima kutafuta mtu wa kumwajiri kabla ya kugundua kwamba nembo zilikuwa zinaendelea kutoka kama kawaida. Tangu siku hiyo kiti kile, chenye sifongo iliyochungulia kwenye mpasuko, kilikuwa cha Sindano. Miaka minne sasa. Kilikuwa kitu pekee alichokiita changu bila kuona haya.

Tatizo lilianza na diski. Diski ya zamani ya kompyuta ile ilikuwa imeanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Kuwaka ilichukua dakika ishirini. Kufungua nembo moja, unaweza kwenda msalani, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Ndani yake mlikuwa na kazi yote ya miaka minne, zaidi ya nembo mia sita, na kila ilipogonga Dada alishika kifua. Mwishowe akanunua diski mpya ya kisasa, aina ya SSD, kitu kidogo chembamba kama kipande cha sabuni iliyokwisha, kisichozunguka wala kupiga kelele.

Na Shemeji akasema, "Nitaifunga mimi."

Shemeji alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, lakini aliwahi kuhudhuria kozi ya kompyuta ya wiki tatu, na tangu hapo hakuna kilichomshinda. Zaidi ya hayo, alikuwa mtu wa lugha sanifu. Ukisema kompyuta imekufa, alikwambia kwamba mashine haifi, huharibika. Ukisema kioo, alikwambia skrini. Watu mtaani walimwita Bwana Sanifu, yeye akidhani wanamsifu.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alifunga ile SSD ndani ya kasha kando ya diski ya zamani, akafungua programu ya kunakili, akaiamuru ihamishe kila kitu kutoka huku kwenda kule. Kisha akazima skrini, akachukua mkoba wake.

"Saa nne," alimwambia Sindano, mguu mmoja umeshafika mlangoni. "Halafu unashikilia swichi hii mpaka feni inyamaze. Kitu kingine usiguse. Hata skrini usiwashe. Hata kipanya."

"Sawa, Shemeji."

Ilikuwa saa mbili na dakika chache. Sindano hakugusa kitu. Alikaa akipanga nyuzi na kutupia jicho saa ya ukutani, na mshale ulipofika saa nne kamili akashikilia swichi mpaka feni ikanyamaza, kama alivyoagizwa.

Saa saba Shemeji alikuja, akachomoa diski ya zamani, akaacha mpya peke yake, akawasha. Skrini ikawa nyeusi. Mstari mmoja mweupe ukatokea kwa Kiingereza, ukisema kwamba hakuna cha kuanzia.

"Ulizima kama nilivyokuagiza?" aliuliza.

"Saa nne. Kama ulivyosema."

"Vizuri. Saa nne." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akarudi kuikunjia skrini uso.

Alibadilisha waya wa data. Alibadilisha tundu la waya. Alibadilisha waya wa umeme. Akaipuliza. Aliingia kwenye orodha ya vifaa, jina la SSD likaonekana pale wazi kabisa, lakini kuwaka haikuwaka. Jioni hiyohiyo akaipeleka kwa muuzaji, akaanza kumfokea kwamba ameuza kanyaboya, diski ya bandia. Muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake, akaipima, akamrudishia akimwambia kwamba diski ni nzima kuliko wao wote wawili.

Ndipo Shemeji alipoanza wimbo wa mtu kagusa. Kama diski ni nzima, na nyaya ni nzima, na yeye mwenyewe hakosei, aliyebaki ni nani?

Sasa, siku ya Jumatano, alitoa bisibisi mdomoni, akasimama, akajifuta magoti.

"Mimi sigombani na mtu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kugombana siku mbili. "Ila kifaa cha kitaalamu kinataka mtaalamu. Jumatatu mpwa wangu atakuja kukaa hapa. Yule wa dada yangu. Ana cheti. Huyu shemeji yangu arudi kwenye nyuzi, kazi anaiweza, hakuna anayemfukuza."

Sindano alimtazama dada yake. Mkasi ulikuwa umesimama hewani. Alisubiri. Angetosheka na neno moja, hata hapana ya kunong'ona. Dada akakata uzi uliofuata.

Usiku kucha hasira ilimnyima usingizi. Kumkasirikia Shemeji, hilo lilikuwa jepesi, kila mtu alimkasirikia Shemeji. Zito lilikuwa la Dada. Dada aliyemwona amekaa akipanga nyuzi Jumanne asubuhi yote, aliyejua kwamba hakugusa hata vumbi, alikuwa amepima amani ya nyumba yake na kiti cha mdogo wake, akachagua amani.

Alhamisi Sindano alifika mapema. Aliwasha taa, akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu, akalilaza kasha la kompyuta ubavu. Hakuwahi kulifungua maishani mwake, lakini alikuwa amemtazama Shemeji akilifungua mara nne, na skrubu ni skrubu. Alitoa diski ya zamani kwenye droo, akairudishia nyaya zake mbili, akaichomekea na mpya kando yake, kila waya kwenye tundu lake. Akawasha.

Ko, ko, ko.

"Unafanya nini?"

Dada alikuwa mlangoni, pochi begani, funguo mkononi.

"Naangalia," Sindano akasema.

"Amesema hiyo ya zamani isiwashwe. Amesema ikiwashwa tena itakufa jumla."

"Mashine haifi, Dada. Huharibika."

Dada hakuwa amezoea kujibiwa na huyu. Alivuta stuli akakaa, na wote wawili wakasikiliza ile diski ikibisha hodi dakika ishirini, mpaka dirisha la kwanza likafunguka.

Sindano alitafuta ile programu ya kunakili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini tarakimu zilikuwa zilezile alizozijua. Aliona sehemu yenye picha ya daftari dogo, akabonyeza. Yalikuwa maandishi ambayo programu ilikuwa imejiandikia yenyewe, mstari baada ya mstari, kila mstari na saa yake. Wa kwanza ulisema 8:06. Mbele yake palikuwa na asilimia sifuri. Aliteremka taratibu. Kumi. Ishirini na tano. Arobaini. Mstari wa mwisho ulisema 10:00, asilimia arobaini na tisa. Baada ya hapo, weupe.

"Haikumaliza," alisema. "Imefika nusu tu."

"Nani kaikata?"

Sindano alitazama ile 10:00. Kompyuta ilikuwa inahesabu kwa saa za Kiingereza. Akaigeuza kichwani. Saa nne kamili asubuhi.

"Mimi," akasema.

Dada akashika shavu. "Si ulisema hukugusa?"

"Subiri." Alinyanyua kidole, na Dada, kwa mshangao wake mwenyewe, akasubiri. "Ilianza saa mbili. Saa nne ilikuwa nusu. Nusu imekula saa mbili. Yote ingekula ngapi?"

"Nne."

"Saa nne."

"Ndiyo. Na wewe si ulizima saa nne? Nilikuona kwa macho yangu, umekodolea ukuta kama mtu anayengoja basi."

"Dada, hakusema saa nne. Alisema saa nne."

Dada alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Alikuwa anataja muda," Sindano akasema polepole, akikanyaga kila neno. "Iendelee kwa saa nne, imalize mchana. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa nne ya ukutani."

Ilichukua muda kidogo. Kisha Dada akaweka pochi chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Sindano alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Usicheke," Sindano akasema.

Dada akaacha. Aliacha ghafla, kwa kuwa sauti ile hakuwahi kuisikia.

"Umenitoa kwenye kiti changu," Sindano akasema. "Ulijua sikugusa, na ulinyamaza. Kama unataka kucheka, kacheke nyumbani na mumeo."

Mchana Shemeji alikuja na mkoba wake, akaona kasha limelala ubavu na diski zote mbili zimechomekwa, akapandwa na mori hapohapo mlangoni.

"Nani kairudisha hiyo?"

"Mimi," Sindano akasema. Alikuwa amesimama, na mikono haikuwa nyuma.

"Umeona?" Shemeji akamgeukia mke wake. "Umeona nilichokwambia? Huyu hawezi kuona kitu asikiguse."

"Msikilize kwanza," Dada akasema.

"Nisikilize nini?"

Sindano aligeuza skrini imtazame. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakishusha mpaka wa mwisho. Hakueleza sana. Alisema ilianza saa ngapi, ikakatika saa ngapi, ilifika wapi. Shemeji alikuwa na mambo yake, lakini hesabu aliijua, na Sindano aliona kabisa mahali hesabu ilipomkamata: alipepesa macho mara mbili, kisha mkono ukaenda kukaza tai.

"Nilisema saa nne," alisema.

"Na nikazima saa nne."

"Nilikusudia muda wa saa nne."

"Kilichofika kwangu ni saa nne tupu. Makusudio uliondoka nayo."

"Ungesema masaa manne kama watu wote," Dada akadakia, "hata mashine ingekuelewa."

"Hakuna neno masaa," Shemeji akasema. Lilimtoka lenyewe, kama chafya. "Wingi wa saa ni saa. Kiswahili changu kilikuwa sahihi."

"Sahihi kabisa," Sindano akasema. "Ndiyo maana hakuna aliyekuelewa."

Nje, mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo alipunguza mwendo, akachungulia dirishani, akaendelea na safari yake shingo upande.

"Mtu mwenye akili zake angeuliza," Shemeji akasema, lakini sauti ilikuwa imeanza kutafuta mahali pa kukaa.

"Ningekuuliza saa gani, ulishafika barabarani. Ningetazama kwenye skrini, umeizima. Ningesogeza kipanya nione imefika wapi, umenikataza. Ulinifunga macho, ukanifunga mikono, halafu siku mbili unaimba mtu kagusa, mtu kagusa, mbele ya wateja, kama mimi ni panya wa humu ndani." Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kiti. "Miaka minne nachora hapa. Nembo ya shati la mlinzi wa ofisini kwenu nimeichora mimi. Hujawahi kuuliza nani kaichora. Diski yako moja imekataa kuwaka, ukajua mara moja nani wa kumwondoa."

Diski ya zamani ikagonga, ko, ko.

"Basi," Shemeji akasema, akifungua mikono kama mgawaji wa mirathi, "tuseme tumekosea wote. Tuyaache."

"Sitayaacha. Mimi sikukosea. Nilifanya ulichosema, kwa maneno yako, bila kuongeza wala kupunguza."

"Unataka nifanye nini? Nipige magoti?"

"Magoti umeyapiga tangu juzi na haikusaidia. Mpigie mpwa wako simu."

Shemeji alimtazama mke wake, akitegemea kuungwa mkono kama siku zote. Dada alikuwa ameshika mkasi, lakini hakuwa anakata chochote. Macho yake yalikuwa yamevimba kidogo.

"Mpigie," Dada akasema. "Na uweke sauti nje, tusikie sote."

Alipiga. Simu iliita mara tatu.

"Shikamoo, Mjomba," sauti ya msichana ikajaa chumbani.

"Marahaba. Eee, ile habari ya Jumatatu. Kumetokea mabadiliko kidogo ya kiufundi, kwa hiyo..."

"Mwambie vizuri," Dada akasema.

Shemeji akakaza tai mara ya pili. "Nafasi ina mwenyewe," alisema, akitazama sakafu. "Nilimwondoa mimi. Kwa makosa. Makosa yangu."

Upande wa pili msichana akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwenye vikoni vya nyuzi.

"Afadhali, Mjomba. Nilikuwa sijui nikwambieje. Mimi kazi za kukaa chumba kimoja na mashine siziwezi, kichwa kinaniuma. Mama ndiye aliyesema nisikukatalie."

"Sawa," Shemeji akasema, akakata simu, akabaki ameishika kama kitu alichookota.

Sindano alidhani hapo angepumua. Badala yake hasira mpya ilimpanda, kali kuliko ya kwanza. Kumbe hata aliyepewa hakukitaka. Kiti chake kilikuwa kimetolewa sadaka kwa mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kukikwepa, na mdogo mtu akakosa usingizi, na dada mtu akameza ulimi, yote kwa ajili ya cheti kinachoumwa kichwa.

"Mdogo wangu," Dada akaanza.

"Baadaye," Sindano akasema.

Aliketi. Sifongo ikazama upande uleule wa siku zote. Alifuta kwenye SSD ile nusu iliyonakiliwa, akachagua kutoka huku kwenda kule, akasoma kila swali la programu mara mbili kabla ya kujibu, akabonyeza kuanza. Mstari wa kijani ukatokea, mfupi kama kucha. Asilimia sifuri. Skrini aliiacha iwake.

Nyuma yake Shemeji alikuwa bado amesimama, mkoba begani, akingoja mmoja wao amwambie akae au aende. Hakuna aliyemwambia. Baada ya muda Sindano alisikia mlango ukifunguliwa, kisha ukifungwa taratibu, na hakugeuka. Asilimia moja.